Kutua na Kuchuja: Namna ya Kuyatakasa Maji ya Rufiji

Maji ya Mto Rufiji wakati wa mafuriko, kama yale ya mwaka 2024, hubeba mchanga na udongo wa namna nyingi. Katibu wa chama cha msingi cha Umwe, au kwingineko bondeni, anayejaza pipa la ghala kwa maji hayo hana budi kujua kwamba vitu hivyo havitui kwa mwendo mmoja. Katika kina cha sentimita 30, punje ya mchanga laini, yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hufika chini kabla dakika moja haijatimia. Chembe yenye unene wa sehemu moja ya mia huhitaji karibu saa nzima. Ya sehemu moja ya elfu, siku nne hivi, tena maji yasitikiswe.

Wala si wepesi tu. Chembe za mfinyanzi zina umeme wa aina moja, hivyo husukumana zisishikamane. Shabu, au unga wa mbegu za mlonge, huivunja nguvu hiyo. Chembe hugandamana zikawa mabonge, na mabonge huzama upesi.

Ndipo maji ya juu yamiminwe taratibu katika kichujio cha mchanga. Wengi humimina tope moja kwa moja. Mchanga huziba, kisha lawama hutupiwa mchanga!

Klorini hutiwa mwisho. Ikitiwa katika tope huliwa na takataka, na vijidudu vya kipindupindu hujificha kwenye chembe. Fedha ya chama imepotea na maji si salama. Isipopatikana klorini, maji yaliyochujwa yachemshwe mpaka yatokote, hata yakiwa maangavu kama ya mvua.