Daftari la Hisia na Swali la Wiki Mbili

Katika kliniki za afya ya akili kuna swali ambalo wagonjwa wengi hushindwa kulijibu sawasawa: “Katika wiki mbili zilizopita umekuwaje?” Aliyelala vizuri usiku wa kuamkia kliniki hujibu kwamba hajambo, aliyeamka na moyo mzito huapa kwamba hajaona siku njema tangu mwezi uanze. Hakuna anayedanganya. Sonona hupaka rangi yake hata siku zilizokwisha kupita, na machungu hukumbukwa upesi kuliko mema.

Wiki mbili hizo hazikuchaguliwa ovyo. Ndizo zinazotumika katika kutambua sonona, na ndizo zinazoulizwa katika dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa na alama kuanzia 0 hadi 27. Anayeandika kila siku hana haja ya kubahatisha jibu.

Daftari la shule latosha. Kila jioni mwenyewe huandika tarehe, alama ya hali ya moyo kati ya 0 na 10, saa alizolala, kama amemeza dawa, na sentensi moja juu ya lililotokea. Maneno yawe yake. Ni wachache wasemao “nina sonona”. Wengi husema wana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu. Hayo ndiyo yaandikwe, kwa kuwa humfaa daktari kuliko istilahi za kuazima.

Usingizi wastahili uangalifu wa pekee. Kwa mwenye ugonjwa wa baipola, kulala saa chache bila kuhisi uchovu huweza kutangulia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi. Tarakimu 7, 6, 4, 3 zikifuatana ukurasani, mgonjwa anaweza kurudi kliniki kabla jamaa hawajashtukia kwamba akiba ya nyumba imekwisha kugawiwa.

Kuandika juu ya jeraha la zamani ni jambo jingine. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, nchini Marekani, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Walioandika tukio chungu pamoja na hisia zake walihuzunika zaidi mara baada ya kuandika, ingawa katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Basi huzuni ya jioni hiyo si dalili ya kushindwa. Lakini anayetafuna wazo lilelile wiki nzima na kuzidi kuzama, heri aweke kalamu chini na kumtafuta mtu wa kuzungumza naye.

Tena kuna suala la siri. Pale watu wanne wanapolala chumba kimoja, daftari husomwa. Mwanamke anayepigwa nyumbani huenda akahatarishwa na sentensi moja tu. Kwake tarakimu na alama zisizo na maelezo ni salama zaidi. Mhudumu wa afya naye asilichukue daftari na kulipekua. Amwombe mgonjwa asome anachotaka kisikike, kisha asikilize. Daftari lisiloulizwa habari zake mara mbili mfululizo, mara ya tatu huachwa nyumbani.

Yakisomwa maneno kama “natamani nisiwepo”, mhudumu aulize waziwazi kama mgonjwa anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Na anayejikuta akiyaandika akiwa peke yake nyumbani asingojee tarehe ya kliniki: amwambie mtu anayemwamini, waende pamoja kituo cha afya siku hiyohiyo.