Ugonjwa wa Kawasaki: Je, Mtoto Huurithi?

Leo tunazungumzia ugonjwa adimu wa mishipa ya damu ambao huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Unaitwa ugonjwa wa Kawasaki, kwa jina la daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki. Yeye alimwona mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1961, na mwaka 1967 akaandika habari za watoto 50.

Kinga ya mwili ni kama askari wanaolinda boma. Katika ugonjwa huu, askari hao hushambulia kuta za mishipa ya damu, na mishipa huvimba. Tunaloliogopa zaidi ni kuharibika kwa mishipa inayoulisha moyo. Bila matibabu, karibu mtoto mmoja kati ya wanne hupata madhara hapo.

Sasa mama huuliza, "Je, mtoto wangu ameurithi kwangu?" Jibu ni hili: mtoto harithi ugonjwa wenyewe. Anachoweza kurithi ni wepesi wa kuupata.

Kila mtoto hupokea jeni kutoka kwa baba na kwa mama. Jeni ni maagizo yanayouambia mwili namna ya kufanya kazi. Mwaka 2008, watafiti wa Japani walieleza jeni moja iitwayo ITPKC. Kazi yake ni kama breki ya wale askari. Breki ikiwa dhaifu, askari wakishaamka hawatulii upesi. Lakini jeni peke yake haileti ugonjwa. Ni lazima kitu kiwaamshe askari, pengine kijidudu, ingawa hadi leo wataalamu hawajakitambua.

Ugonjwa huu hupatikana duniani kote, ila Japani ndiyo inayoongoza. Hata watoto wa asili ya Kijapani wanaokaa Hawaii, Marekani, huugua zaidi kuliko watoto wa jirani zao wazungu. Hiyo ni dalili kwamba urithi una sehemu yake. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa Japani ulionyesha kuwa kati ya ndugu 100 wa watoto wagonjwa, kama 2 tu ndio waliougua katika mwaka uliofuata. Wengine 98 walibaki salama.

Kwa hiyo, mama, asikulaumu mtu kwamba umeleta damu mbaya katika ukoo. Hukufanya kosa lolote, wala ugonjwa huu hauambukizi.

Zijue dalili zake:

- Homa kali ya siku tano au zaidi.
- Macho mekundu yasiyo na tongotongo.
- Midomo mikavu iliyopasuka, na ulimi mwekundu sana.
- Upele mwilini. Kwa mtoto mweusi huenda usionekane kwa urahisi, kwa hiyo mtazame penye mwanga.
- Mikono na miguu kuvimba. Baadaye ngozi ya ncha za vidole hubanduka.
- Tezi ya shingo kuvimba.

Kwa mtoto mchanga, kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi linaweza kuwa jekundu na kuvimba.

Usingoje siku tano nyumbani. Homa ikianza, mpeleke mtoto kituo cha afya apimwe malaria. Akipewa dawa na homa isishuke, mrudishe, utaje siku ambayo homa ilianza na kila dalili uliyoiona, hata kama imekwisha. Kama ndugu yake aliwahi kuugua ugonjwa huu, sema mapema. Hapo ndipo habari ya ukoo inapookoa maisha.

Hospitalini mtoto hutiwa dawa ya kinga kwa dripu. Akiipata ndani ya siku kumi tangu homa kuanza, hatari kwa mishipa ya moyo hupungua sana. Daktari pia huagiza aspirini kwa kipimo maalum, lakini wewe usimpe mtoto aspirini nyumbani kwa uamuzi wako. Baada ya dripu hiyo, mwarifu muuguzi wa kliniki, kwa maana chanjo ya surua huenda ikaahirishwa kwa miezi kadhaa.

Kumbuka: homa ya siku tano si ya kungojwa iishe yenyewe.