Moyo Nao Hudumaa Kama Mahindi

Kila mkulima amepata kuona mahindi yaliyodumaa. Hayana viwavi, hayana kutu, wala mvua haikukosekana. Lakini majani ya chini yamegeuka manjano kuanzia nchani, mabua ni membamba, na mavuno ni haba. Bwana Shamba akiitwa hatakupa dawa ya wadudu. Atakuambia kwamba udongo umepungukiwa na chakula, nawe utie mbolea.

Hali kama hiyo humpata binadamu pia. Mtu huamka, hukamua ng'ombe, hupeleka maziwa, kisha hurudi nyumbani. Haumwi. Ukimwuliza habari atajibu, "Nzuri." Lakini hana hamu na jambo lolote, kazi haina ladha, barazani haendi, na siku zote kwake ni sawasawa. Majirani humwita mvivu. Huenda si uvivu hata kidogo. Moyo wake umedumaa.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka wa 1948, yasema kwamba afya ni uzima kamili wa mwili, wa akili na wa kuishi na watu, wala si kukosa ugonjwa tu. Mwaka wa 2002 Corey Keyes, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, alitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya watu wazima zaidi ya 3,000 wa nchi yake. Waliostawi walikuwa kama 17 tu katika kila 100. Waliodumaa, ingawa hawakuwa na ugonjwa wa huzuni, walikuwa kama 12 katika kila 100. Na hatari ya kupatwa na ugonjwa huo ilikuwa karibu mara sita kwa waliodumaa kuliko kwa waliostawi. Kwa hiyo jambo hili si la kudharauliwa.

Basi, mbolea ya moyo ni ipi? Katika kitabu chake cha mwaka wa 2024, Keyes ataja mambo matano. Yote yapatikana kijijini, na hayahitaji fedha nyingi:

1. Kujifunza. Kwa mfano, mwendee jirani ajuaye kubebesha miche ya parachichi, akufundishe.

2. Kuwa na watu. Ukienda kwenye chama, usitoe mchango na kuondoka. Kaa, mzungumze.

3. Kusaidia. Mpalilie mzee asiye na nguvu japo mistari miwili ya mahindi.

4. Ibada. Tenga muda wa kusali, au wa kutulia na kuyafikiri yaliyo makubwa kuliko wewe.

5. Mchezo. Cheza bao, au piga mpira na watoto. Mchezo si wa watoto peke yao.

Usiyaanze yote siku moja. Mbolea nyingi kwa mara moja huunguza mche. Chagua moja wiki hii, ulifanye mpaka ulizoee, ndipo uongeze la pili.

Lakini kumbuka kwamba mmea ulioshikwa na ugonjwa hauponi kwa mbolea peke yake. Ikiwa huzuni imekaa majuma mawili au zaidi, na usingizi au chakula kimekushinda, nenda kwenye kituo cha afya, au mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako. Mtu akisema afadhali afe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku iyo hiyo. Hakuna aibu katika jambo hili, kama vile hakuna aibu kutibiwa malaria.

Na wewe ambaye moyo wako wastawi, mtazame jirani yako. Ukimwona amenyamaza siku nyingi, usimwite mvivu. Mwombe aje akusaidie kazi ya saa moja, kisha mnywe chai pamoja. Kwa kazi hiyo ndogo atapata mambo mawili kati ya yale matano: amekusaidia, na amekaa na mtu.