Ardhi Wamerudishiwa, Maji Je?

Mikaratusi mizee ya kando ya Mto Darling, magharibi mwa jimbo la New South Wales nchini Australia, ina makovu. Mengine yanampita mtu mzima kwa urefu, yamechongoka juu na chini. Hapo Wabarkandji, wenyeji wa eneo hilo, walikata gome kwa mashoka ya mawe, wakalibandua likiwa zima, wakalilainisha kwa moto na kulikunja likawa mtumbwi. Mti haukufa. Mkulima wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuulaumu mkaratusi kwa kukausha chemchemi, angeshangaa kuuona ukiwa kwao, umetulia mtoni ukingoja mafuriko.

Wenyeji huuita mto huo Baaka, na jina lao limetoka humo: Wabarkandji ni watu wa mto. Mzee mmoja wao, msanii Badger Bates, mzaliwa wa mji wa Wilcannia, amekuwa akiuchonga katika picha zake za kuchapwa, pamoja na samaki wake na Ngatyi, nyoka wa maji ambao katika imani ya wenyeji ndio waliouumba.

Juni 2015, baada ya kesi iliyochukua miaka 18, Mahakama ya Shirikisho iliwatambua Wabarkandji kuwa wenye haki ya asili juu ya ardhi ya takriban kilomita za mraba 128,000. Malawi nzima ingeenea humo na nafasi ikabaki. Furaha ilikuwa kubwa, ila haki hiyo haikuwapa kauli juu ya kiasi cha maji kinachofika kwao.

Australia imeitenga haki ya maji na haki ya ardhi. Maji yana leseni zake, na leseni huuzwa na kununuliwa kama hisa. Huko juu ya mto, mashamba ya pamba huvuta maji na kuyahifadhi kwenye mabwawa yao kabla hayajateremka. Watafiti waliopiga hesabu kwa upande wa New South Wales wa bonde la Murray-Darling, ambamo mto huu umo, walikuta asasi za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, zina asilimia 0.2 tu ya maji ya mito yaliyogawiwa, ilhali Waaborijini ni zaidi ya asilimia 9 ya wakazi.

Matokeo yalionekana Menindee, mji ulio kando ya mto huo. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 mto ulikuwa umebaki madimbwi ya kijani yaliyojaa mwani. Joto lilipokatika ghafla, mwani ukafa, maji ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda juu, na samaki kwa mamia ya maelfu wakaelea matumbo juu, wakiwemo Murray cod wenye umri wa miongo kadhaa. Wanasiasa walisema ni ukame. Jopo la Akademia ya Sayansi ya Australia likasema ukame ulikuwepo, lakini maji yalikuwa yamevutwa kupita kiasi huko juu.

Machi 2023, hapohapo Menindee, hapakuwa na ukame. Mafuriko ndiyo kwanza yalikuwa yakipungua, joto likiwa kali, oksijeni ikaisha tena, na safari hii wakafa samaki wanaokadiriwa kuwa milioni 20 hadi 30. Serikali ilileta wakandarasi wa kuwaopoa kwa nyavu. Wengi walizama kabla ya kufikiwa, wakaozea chini ya mto uleule ambao wakazi wa Menindee huutegemea kwa maji ya nyumbani.