Toki Renchi Yako Inasema Kweli?

Vijana, kabla trekta halijaingia shambani, pima kwanza toki renchi. Ikikaza pungufu, nati za gurudumu zinalegea ukiwa na tela la mazao barabarani. Ikikaza kupita kiasi, bolti inavutika mpaka inakatika.

Mimi hupima yangu kila msimu kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mazao. Anza kwa kuhakiki mizani yenyewe: maji lita 20 ni kilo 20, jumlisha uzito wa dumu tupu.

Sasa bana kichwa cha mraba kwenye jiliwa kikiwa wima, mpini ulale usawa wa ardhi. Weka alama sentimita 40 toka katikati ya kichwa. Seti nyutoni mita 80. Funga mizani kwenye alama, vuta taratibu kwa nyuzi 90, soma kilo pale inapolia “ta!”. Rudia mara tatu.

Hesabu ni kilo × 9.81 × 0.4. Kwa 80 inatakiwa ilie kwenye kilo 20.4. Tofauti ya asilimia 4 inavumilika, yaani kati ya kilo 19.6 na 21.2. Ikilia kwenye 24, unavunja bolti zako mwenyewe, ipeleke ikarekebishwe.

Ukimaliza, irudishe kwenye namba ya chini kabisa, springi ipumzike.