Turbo haikufe bure

Najua mutauliza: huyu mtu wa agronomi, licence yake ni ya mimea, turbo inamuhusu nini? Inanihusu juu msimu uliopita nilitia sinyatire ku karatasi ya kununua turbo, na franga zile zilikuwa za mbolea.

Kikundi cha wakulima ambacho natumikia kule Mutshatsha kiko na pikap moja, Toyota Hilux ya mazutu. Njo inabeba mbegu na mbolea kutoka Kolwezi, njo inapeleka mahindi sokoni. Mwezi wa kumi, mvua ikikaribia, gari ikapoteza nguvu: kupanda mlima ni shida, nyuma moshi mweusi. Garaji moja ikasema turbo imekufa. Hakuna aliyefungua kitu mbele yetu. Tukanunua turbo ya okazio na franga za urea, gari ikapata nguvu tena, wote tukafurahi. Wiki tatu tu. Siku tumebeba mbegu, moshi wa buluu ukatoka mpaka hatukuona barabara nyuma yetu. Turbo ya pili nayo kwisha.

Mekanisie mmoja mzee wa Mutshatsha ndiye alinifundisha haya ninayoandika. Alinitazama akasema: «Enjenieri, turbo haikufe bure. Kuko kitu kinaiua. Paka ukitafute kwanza.» Niliitika tu, «Ndiyo, papa,» na haya ikanishika, juu njo kitu tulisoma miaka yote: mahindi yakiwa njano, hukimbilie kumwaga dawa, unachimba kwanza uone mizizi.

Turbo ni kitu rahisi kuelewa. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yamefungwa ku chuma kimoja. Moshi unaotoka mu moteri unazungusha gurudumu la kwanza. La pili linavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya moteri kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, mazutu inawaka vizuri. Alfred Büchi, enjenieri wa Uswisi, ndiye alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905. Kwetu ni msaada mkubwa, maana Kolwezi iko karibu metre 1,400 juu ya bahari na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani.

Lakini ile chuma inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Haikalii juu ya chuma kingine, inaelea ndani ya mafuta ya moteri. Mafuta yakikosekana sekunde chache tu, chuma inasaga chuma. Shika hiyo, mengine yote yanatoka hapo.

Sasa, gari ikikosa nguvu, anza na kitu cha bei ndogo. Kwanza uliza kama iko na turbo kweli! Land Cruiser nyingi za huku zina moteri ya 1HZ, na ile ilitoka kiwandani bila turbo. Kama iko nayo, angalia rangi ya moshi. Mweusi, mara nyingi, ni hewa kidogo. Fungua filtri ya hewa. Mu kiangazi, barabara yetu ya vumbi inaijaza haraka sana. Kisha fuata tiyo za hewa kutoka turbo mpaka moteri, na mkono, moteri ikiwa imezimwa na imepoa. Bonyeza, pindua, angalia chini yake, juu tiyo inapenda kupasuka upande usioonekana. Mahali hewa inatokea, vumbi inashikana na mafuta na kufanya doa nyeusi. Ukisikia mluzi au hewa inapuliza wakati gari inabeba mzigo, kolie imelegea au tiyo imetoboka.

Moshi wa buluu ni mafuta ya moteri yanaungua. Inaweza kuwa turbo, lakini pia tiyo ya kurudisha mafuta imeziba, ao mafuta yalitiwa kupita kipimo, ao moteri yenyewe imechoka. Kuhakikisha, moteri ikiwa baridi na imezimwa, toa tiyo ya kuingiza hewa na uguse gurudumu na kidole. Lizunguke bila kukwama. Likicheza kidogo kwa upande, usiogope, ile nafasi ni ya mafuta. Lakini ukilivuta na kulisukuma, usisikie kucheza. Na mapanga yasiguse ukuta, wala yasiwe yamelika ncha: yakilika, vumbi inapita ku filtri.

Kitu kimoja cha hatari: turbo ikimwaga mafuta mengi, moteri ya mazutu inaweza kuyafanya chakula chake na kukimbia yenyewe, hata ukitoa ufunguo. Usiweke mkono wala nguo ku mdomo wa hewa. Kama ni gari ya vitesi vya mkono, kanyaga freni sana, tia vitesi ya juu, achilia ambreyaji mpaka izime.

Turudi kwetu. Mzee alifungua tiyo nyembamba inayopeleka mafuta ku turbo. Ndani mulikuwa silikoni, ile pati ya kubandika, imetoka pembeni na kukauka mu tundu. Aliyeifunga alitaka mafuta yasivuje. Akafunga njia yenyewe. Pale hapatiwi silikoni, ni rondeli mpya tu. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, turbo inajazwa mafuta safi ku tundu lake, na mafuta na filtri ya moteri vinabadilishwa.

Usiku nikatoa faktiri ya garaji. Imeandikwa: turbo moja, tiyo ya hewa moja. Tiyo! Leo naamini ile tiyo njo ilirudisha nguvu, na turbo ya kwanza ilikuwa nzima. Kuhakikisha siwezi, tuliiacha kule. (Ukibadilisha kitu ku gari, dai cha zamani, hata kama ni takataka.)

Tulipanda kwa kuchelewa, na sehemu ya mashamba haikupata urea. Ku mkutano, mama mmoja aliniuliza turbo inazaa magunia mangapi. Sikujibu.

Sasa mafuta tunayabadilisha kila kilometre 5,000, ya aina iliyoandikwa mu kitabu cha gari. Filtri ya hewa tunaipuliza polepole kutoka ndani kwenda inje, ikichoka tunanunua ingine. Asubuhi, moteri ikiwaka, hakuna kukanyaga aksele kwa dakika moja. Na tukifika na mzigo, moteri inabaki kuzunguka polepole dakika mbili kabla ya kuzima, juu turbo ikiwa moto na mafuta yakisimama, yanaungua ndani na kuwa makaa. Wenye kupanda nyuma wananung'unika kwamba tunachoma mazutu bure. Shofere anaangalia saa yake, dakika mbili zikiisha anazima.