Geji ya ombwe: Kwa nini kipimo cha Kilindini hakifai Nairobi

NYINGI kati ya meli kubwa zinazopita mbele ya Mama Ngina zikiingia bandari ya Kilindini zina mtambo wa kugeuza maji ya bahari yawe ya kunywa. Mtambo huo hauyachemshi maji kwa nyuzi 100. Hunyonya hewa chomboni mpaka yachemke kwa nyuzi 45 hivi, kwa kutumia joto la injini ambalo lingepotea bure. Mhandisi hujua kwamba hali hiyo imefikiwa kwa kutazama geji ndogo ya duara.

Ndani ya geji mna mrija bapa wa madini, uliopindwa mithili ya mwezi mwandamo. Hewa inaponyonywa, kanieneo ya nje huukandamiza mrija, nao huzidi kujikunja. Ncha yake huvuta wenzo na magurudumu ya meno, na akrabu ikasogea. Ubunifu huu ulisajiliwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka wa 1849. Hauhitaji umeme, jambo ambalo mafundi hulithamini hata katika enzi hii ya vifaa vya kidijitali.

Lakini geji hii haipimi ombwe lenyewe. Hupima tofauti kati ya kanieneo iliyomo chomboni na ya hewa inayoizunguka geji. Mama Ngina, kando ya bahari, hewa hulingana na milimita 760 hivi za zebaki. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni takriban 620 tu.

Ili maji yachemke kwa nyuzi 45, geji ya Mombasa yapasa kuonyesha karibu milimita 690 chini ya sifuri. Ya Nairobi, 550. Fundi aliyezoea Kilindini akihamia kiwanda cha bara na kudai 690, atabadilisha pampu na kufungua viungo akitafuta tundu lisilokuwapo, kwani huko hata ombwe kamili halipiti 620. Aliyetoka bara naye akiridhika na 620 mjini Mombasa, maji yake yatachemka karibu na nyuzi 59, na chumvi itaanza kuganda kwenye mabamba. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, maana mtambo huendelea kufanya kazi na hakuna anayeshtuka.

Kabla ya kulaumu pampu, yafaa chombo kifunguliwe hewa iingie. Akrabu isiporudi kwenye sifuri, geji ndiyo mbovu.

Na kwa kuwa nyuzi 45 haziui vijidudu, kwa desturi mabaharia huuzima mtambo kabla ya kukaribia pwani, ambako maji huwa machafu. Meli ionekanayo kutoka Mama Ngina aghalabu huwa inatumia maji yaliyokwisha kuwekwa tangini.